Mpiga Kengele Aliyevaa Ziwa

Koti lake ndilo watu walilolijua kwanza. Lilikuwa koti zito la rangi ya majivu, lililovuka bahari mgongoni mwa Mzungu fulani na kutupwa baada ya juma moja la joto letu la huku Nyasa. Mpiga kengele wetu akaliokota, akalifua, akalivaa, na tangu hapo sikumbuki kumwona nchi kavu bila hilo koti. Vifungo vyote alivifunga, mpaka kile cha kooni. Miezi ile ambayo mbuzi wenyewe wanagombania kivuli, yeye alipita njiani amefungika kama mzigo wa mpagazi, jasho likimdondoka kidevuni, na ukimshauri afungue kimoja tu apate hewa, alikutazama kana kwamba umemtuma akaue mtu.

Mtu huyohuyo, jua likianza kuegemea, alikwenda ziwani, akavua kila kitu, akasimama uchi wa mnyama huku mitumbwi itokayo sokoni Lyulilo ikimpita karibu. Akina mama waliokuwa ndani ya mitumbwi aliwasalimu mmoja mmoja. Aliwauliza habari za watoto, bei ya dagaa wetu wa usipa, kama mvua imenyesha Ngonga. Nchi kavu alikuwa mtu wa maneno machache, tena makavu. Majini hakunyamaza. Ukiwa na jambo lako la kuomba ushauri, ulingoja aende kuoga, ukasogeza mtumbwi.

Mimi nilikuwa jirani yake. Mimi ni mwanamke mfinyanzi, na uwanja wangu wa kufinyangia ulipakana na ua wake, katikati yetu pana mstari wa migomba tu. Jina lake sitalitaja, na wala si siri. Kwetu mkamwana, yaani mke wa mwana, halitamki jina la baba mkwe wake, na hapendi kulisikia likitamkwa, na kwa kuwa mkamwana wake alikuwa mtu wangu wa karibu nikazoea kumwita mzee kwa kazi yake. Sasa hata nikijaribu ulimi unagoma.

Kazi yenyewe aliipenda kupita kiasi. Kengele ya kanisa ilikuja kwa meli, ikapandishwa juu ya magogo mawili, na siku ya kwanza alipovuta kamba yake nadhani ndipo alipookoka kweli, ubatizo ulikuwa wa kukamilisha tu. Aliwaonea wivu majogoo. Jogoo akiwahi kuwika kabla hajagonga, siku nzima alikuwa na kisirani, na ndiyo maana tulikuwa tunaamshwa mapema zaidi kila mwezi mpaka Mchungaji wa Kijerumani akaingilia kati. Tena hakugonga kwa ajili ya ibada peke yake. Kiboko akiingia mashambani, aligonga. Usipa wakija kwa wingi, aligonga. Siku moja nilichoma vyungu visipasuke hata kimoja, nikasikia kengele, nikatoka mbio nikidhani kuna moto, kumbe ananipongeza. Mchungaji alimwita akamweleza kwamba kengele ni ya Mungu. Alimjibu kwamba yeye hajapata malalamiko kutoka kwa Mungu.

Aliogopa bata. Wazungu wa misheni walikuwa nao, na yeye, mtu aliyewahi kung'atwa mguu na kiboko na kubaki na kovu refu pale pajani, aliwazunguka bata kwa mbali sana. Tena alipenda sura yake, jambo ambalo hungelitegemea kwa mtu wa vifungo vingi namna ile. Vyungu vyangu vya maji vilikuwa vimepangwa ukutani, na kila alipopita aliinama juu ya kimojawapo kana kwamba anakagua kazi. Alikuwa anajitazama. Nilimwona akigeuza kidevu kulia, kisha kushoto, kisha akaniambia, bila haya yoyote, kwamba chungu kimeiva vizuri.

Mkewe alikwisha kufa. Alibaki na mwanawe mmoja wa kiume, na huyo mwana akaoa binti wa Ikolo, na hapo ndipo maisha ya ua ule yakawa kazi.

Anayejua desturi zetu hahitaji kuambiwa, lakini asiyejua ajue kwamba mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba hawapendani. Hawaonani kwa macho. Akisikia anakuja, mkamwana anaacha njia, anaingia majanini, anageuka na kuinama mpaka apite. Hamwangalii usoni, hamsemeshi, hapiti mahali alipoketi. Katika ua mkubwa inawezekana. Katika ua wao ulioweza kuvukwa na kuku bila kuchoka, ilikuwa ni kukimbizana kuanzia asubuhi. Mwishowe mzee akachukua njuga ya mbuzi akaifunga kwenye koti, ili binti asikie anakokuja. Basi tukawa na mtu mmoja mwenye kengele mbili.

Walizungumza kupitia kwangu. Wote watatu tuko mahali pamoja, migomba tu ndiyo inayotutenganisha, na mzee ananiambia: "Jirani, mwambie mama kwamba ndizi za leo zilikuwa na chumvi ya kutosha." Namwambia mzee kwamba binti amesikia. Ananiambia mwambie tu. Nageuka, namwambia. Binti ananong'ona "ndaga fijo", yaani asante sana, nami nageuka tena kumfikishia mzee asante ambayo masikio yake yamekwisha kuichukua. Miaka ikapita namna hiyo. Binti alimjua baba mkwe wake kwa visigino, kwa njuga na kwa namna alivyokohoa. Yeye alimjua binti kwa mapishi. Na naweza kusema waziwazi kwamba alimpenda kuliko alivyompenda mwanawe, ambaye alikuwa kijana mzuri lakini hakujua kupika.

Sasa niseme habari za yule Mzungu wa sanduku.

Alikuja miaka ile ya Wajerumani, kabla ya vita, na sanduku la picha lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Alizunguka akiwaomba watu wavue nguo awapige picha. Ilituchanganya. Mchungaji alikuwa amehangaika miaka kutuvisha, na sasa mwenzake kutoka nchi ileile anataka tuvue, tena analipa chumvi. Tulijadiliana kisimani kama kweli hawa watu walilelewa na mama mmoja.

Alipomwona mpiga kengele akiogelea hakutaka mwingine tena. Alimtaka yeye, uchi, awe amesimama migombani na mkuki mkononi. Mpiga kengele, aliyekwisha kuvaa na kufunga vifungo, alimsikiliza mkalimani mpaka mwisho. Hakukasirika hata kidogo. Aliuliza tu kwamba mwanamume anayesimama uchi migombani akiwa na mkuki, saa za mchana, ni nani? Ama ni mwizi wa ndizi ama ni mwendawazimu. Bwana anamtaka awe yupi?

Mzungu akapendekeza asimame kwenye uwanja wangu, kando ya vyungu. Mpiga kengele akasema hapo watu wataniuliza mume wangu alikuwa wapi. Mzungu akasema mlangoni pa nyumba yake basi. Hapo alionyesha kidole upande wa jiko, ambako mkamwana alikuwa akitwanga, akatikisa kichwa. Mzungu akatoa ngozi ya chui mzigoni, akaitandika chini. Akaambiwa kwamba hiyo ni ngozi ya kukalia chifu, na chifu anajulikana, si yeye. Sijapata kumwona Mzungu amechoka namna ile na jua halijafika utosini.

"Muulize," Mzungu akamwambia mkalimani, "mbona jana alikuwa uchi mbele ya watu wote?"

"Mwambie sikuwa uchi," alisema mpiga kengele. "Nilikuwa nimevaa ziwa."

Kwa hiyo wakaenda ziwani. Alivua, akaingia majini, na Mzungu akawa anamwita kwa mkono asogee, asogee, mpaka maji yakabaki kwenye vifundo vya miguu. Mpiga kengele aliona sawa. Ziwa ni ziwa, liwe la shingoni au la kifundoni. Alishika jiwe lake la kujisugulia, akainua kidevu kidogo upande wa kushoto, ule aliouchagua kwenye vyungu vyangu, akatulia. Nyuma yake maji yalikuwa yanawaka jua hata hayatazamiki. Mzungu akaingia chini ya kitambaa, akatoka, akalipa chumvi, akaondoka zake.

Tangu siku hiyo mzee hakuacha kuulizia picha yake. Kila meli ilipokuja alikwenda ufukoni na koti lake na njuga yake, akauliza kama kuna kitu cha kutoka Ulaya. Hatimaye tukamzoea, kama mtu anavyozoea kidonda cha jirani.

Picha ilipokuja, yeye hakuwapo. Alikuwa amelala na homa. Aliyeipokea ni Mwalimu wa dini, kwa sababu Mchungaji na mkewe walikuwa wamepanda milimani kukwepa joto. Mzungu wa sanduku aliituma misheni kama zawadi, kubwa, ndani ya fremu ya mbao, kioo chake kimevunjika njiani. Na hapa lazima nimtetee Mwalimu kidogo, maana watu walimcheka sana baadaye. Ndani ya kanisa letu kulikuwa na picha za Biblia zilizoletwa kutoka Ujerumani, zimepangwa ukutani kwa mfululizo: Adamu, Hawa, Nuhu, Samsoni na wengine. Mvua za mwaka uliotangulia, mchwa walimla Adamu mzima, wakamwacha Hawa amesimama peke yake akiongea na nyoka. Mchungaji aliahidi kuagiza Adamu mwingine. Ikaja fremu kutoka Ujerumani, ndani yake mwanamume aliye uchi, hana shamba, hana nyumba, hana hata kitu cha kukanyagia, amesimama katika weupe mtupu kama mtu ambaye dunia yake bado haijamalizika kuumbwa. Wewe ungemweka wapi? Mwalimu, aliyekuwa na macho mabovu na furaha nyingi, alimtundika kando ya Hawa.

Ziwa halikuwamo. Ule mwanga wa jua ulilifuta lote, hata yale maji ya kifundoni. Nilipoingia kanisani Jumapili nikamwona jirani yangu ukutani, nilikaa chini kabla ya wakati wa kukaa.

Kwamba Adamu amekuwa mweusi ni jambo lililowafurahisha wazee wengi. Mwalimu akahubiri vizuri kuliko siku zote, kwamba mtu wa kwanza alifinyangwa kwa udongo, na sisi tunajua udongo una rangi gani. Kama mfinyanzi niliunga mkono. Karibu kila mwanamke pale ndani alikuwa amepita na mtumbwi mbele ya Adamu yule na kusalimiwa naye, na kovu la kiboko lilionekana wazi, lakini nani amkatishe mtu mahubiri matamu kama yale? Na ule ukuta ulifanya kazi yake. Ziwani alikuwa jirani anayeoga. Pale, kando ya Hawa, ukimtazama muda mrefu, ulianza kuona kweli kuna kitu cha Edeni usoni mwake.

Mwenyewe alipopona na kuja kanisani, alisimama mlangoni. Nilidhani atapiga kelele. Alitembea polepole hadi benchi lililo chini ya picha, akakaa, akageuza kidevu kushoto. Jumapili zote zilizofuata alikaa hapohapo. Mara nyingine, siku za kazi, nilimwona akiingia kanisani na ufagio, na sakafu ilikuwa haijachafuka. Nilimuuliza kama haoni haya, yeye wa vifungo. Akaniambia kwamba Mwalimu ndiye aliyesema ni Adamu, na Adamu hakuona haya mpaka alipokula tunda.

Wanawake vijana walikuwa wakikutana humo kanisani siku za kazi kujifunza kushona. Mkamwana wa mpiga kengele alikuwa mmoja wao, hodari wa sindano. Yeye Jumapili alikaa nyuma kabisa ameinamisha uso, kwa sababu baba mkwe yuko mbele. Lakini siku za kushona aliinua macho akatazama picha kama wenzake. Na kwa kuwa hakuwahi kumwona mzee uso hata siku moja, aliona Adamu. Alinisimulia, tukitwanga pamoja, kwamba picha hii mpya inampendeza kuliko zote, kwamba huyu Adamu ana uso wa mtu mwema, mtu wa kucheka moyoni. Wakati mwingine, alisema, akichoka kushona anamtazama tu. Mimi nilitwanga kwa nguvu zaidi. Kumwambia ni kumuumiza, kutomwambia ni kumwacha aendelee, na mchi hauna ushauri.

Mwenzake mmoja wa kushona hakuwa na shida hiyo. Siku moja alimuuliza mbele ya wote, kwa upole wa uongo, mbona anamkazia macho mkwewe namna hiyo.

Walioshuhudia wanasema hakupitia mlangoni. Alipitia dirishani, sindano na uzi vikiwa bado mkononi, gauni alilokuwa akilishona likimfuata nyuma kama mkia. Hakufika nyumbani. Alishika njia moja kwa moja hadi kwa baba yake, Ikolo.

Kesho yake mpiga kengele alinijia. Hakuwa amefunga kifungo cha juu, na hapo nikajua mambo ni mabaya. Aliniambia kwamba wazee wa Ikolo wametuma maneno. Binti amemtazama baba mkwe wake, usoni na penginepo, kwa siku nyingi, kwa kupenda, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Hakuna ndoa inayobeba jambo kama hilo. Watakuja kuiona hiyo picha, kisha ndoa itavunjwa na binti atabaki kwao. Mwanawe alikuwa ndani analia kama mtoto. "Jirani," mzee akaniambia, "hiki kitoto cha Ikolo sijawahi hata kukiona, na nikiambiwa hakirudi nasikia nyumba yote imekuwa na baridi." Na ilikuwa ni mwezi wa joto kweli.

Wakaja, baba wa binti mbele, mtu mrefu mwenye subira ya kutisha. Tukakusanyika kanisani chini ya picha. Mwalimu hakuwa tayari kumpoteza Adamu wake wa pili. Alisema huyu ni Adamu, amekuja kutoka Ujerumani ndani ya fremu, na binti kumtazama Adamu si kosa. Baba wa binti akaonyesha kovu la kiboko, akauliza tangu lini Adamu akang'atwa na kiboko. Mwalimu akamuuliza kama alikuwepo Edeni mpaka awe na hakika hakung'atwa. Jambo hili lilizungumzwa kwa muda mrefu na kwa makini kuliko unavyoweza kuamini, pamoja na swali la kama viboko waliumbwa kabla au baada, na nilianza kutumaini kwamba Mwalimu atashinda.

Ndipo wakamgeukia mpiga kengele. Neno moja lilitosha. Angesema ni Adamu, binti angerudi jioni ile.

"Ni mimi," alisema. "Lakini nilikuwa naoga."

Baba wa binti alifikiri. Kisha akasema kwamba hilo linabadilisha mambo, kwa sababu mkamwana akipita kwa bahati mbaya mahali baba mkwe anapooga, hilo hutokea, watu wanaishi kando ya maji, anageuza macho, anatoa kuku wa fidia, yamekwisha. Alisogea karibu na picha, akaichunguza juu mpaka chini.

"Anaoga wapi?" aliuliza. "Mawinguni?"

Mpiga kengele akawaongoza wote hadi ufukoni. Alivua koti, akavua na vingine, akaingia hadi kwenye vifundo, akageuza kidevu. Mwalimu aliishika picha juu, wazee wa Ikolo wakawa wanatazama fremu, wanatazama mtu, wanatazama fremu, na mitumbwi ya Lyulilo ikapita, na mpiga kengele akawauliza akina mama habari za watoto. Hakuna aliyebaki na shaka. Huyo alikuwa mtu anayeoga, kamili, hata mbele ya wakwe zake. Baba wa binti mwenyewe alikiri. Lakini akasema, akimwita tata, yaani baba, maneno ambayo sijayasahau. "Mimi nakuamini, tata. Binti yangu hakutazama ziwa. Alitazama hiki."

Hapo ndipo mimi nikasema kwamba ziwa linaweza kurudishwa. Wote wakanigeukia. Nikawaambia mimi hupamba vyungu kwa udongo mweupe na mwekundu, na ninao wa kijivu pia, na picha haina kioo. Baba wa binti akauliza kama hiyo itakuwa haki. Wazee wake wakanong'onezana, wakasema kwamba picha ikionyesha mtu yuko ziwani, basi yuko ziwani, na binti alipita tu njia ya ziwani.

Nikaleta udongo, nikauchanganya na utomvu, nikaweka fremu juu ya mawe na kuanza. Nilichora maji mpaka vifundoni, kama yalivyokuwa kweli. Baba wa binti akasema hakuna anayeoga kwa maji ya kifundoni. Nikapandisha magotini. Wakatazama, wakaguna. Nikapandisha kiunoni, na watu wote pale wakashusha pumzi pamoja, isipokuwa Mwalimu, aliyelalamika kwamba gharika ni ya Nuhu na haimhusu Adamu hata kidogo. Kifuani. Mabegani. Ilikuwa kazi nzuri, nasema mwenyewe, mawimbi madogo kama ninayozungushia shingo za vyungu. Nikafika kidevuni, nikainua mkono, nikadhani nimemaliza.

"Bado uso," baba wa binti alisema. Hakusema kwa ubaya. Mkamwana amekatazwa uso sawasawa na vilivyobaki.

Nilimtazama jirani yangu. Alikuwa amesimama pale, maji yakimchuruzika, anaitazama ile picha. Kilichobaki ni kichwa tu juu ya maji, na kile kidevu kilichogeuka kushoto. Aliingoja picha hiyo kwa meli nyingi. Nilijua, naye alijua, kwamba hakuna Mzungu mwingine atakayekuja na sanduku kwa ajili yake.

"Ongeza, jirani," alisema.

"Na uso?"

"Na uso. Vinginevyo nani atanipikia?"

Nikaongeza. Nilipomaliza, fremu yote ilikuwa ziwa, kutoka pembe hadi pembe, na watu wa Ikolo wakasema ni picha nzuri.

Binti alirudi na kuku wake. Jioni ile nilisikia nikiitwa nyuma ya migomba, niambiwe nimwambie mama kwamba ndizi zimepikwa vizuri, nami nikageuka nikamfikishia. Mchungaji aliporudi kutoka milimani aliikuta fremu ya udongo wa kijivu ukutani kando ya Hawa, akauliza hii ni nini. Mwalimu, ambaye siku zile nilianza kumheshimu, alijibu kwamba ni Bahari ya Shamu. Mchungaji akauliza Farao yuko wapi. "Chini," alijibu Mwalimu.

Kisha ikaja vita, na utani ukapungua. Wajerumani walimchukua mwana wa mpiga kengele kubeba mizigo ya jeshi, kama walivyowachukua vijana wengi wa pwani yetu, naye hakurudi. Waingereza walipovuka na kuingia, wakamwondoa Mchungaji. Mzee alimtumia binti maneno kupitia kwangu kwamba hana deni naye, ni mwanamke bado mwenye nguvu, aende kwao Ikolo akaolewe na mtu mzima wa afya. Nyuma ya migomba binti aliendelea kumenya ndizi. Akaniambia nimwambie baba kwamba kesho atapika samaki wa mbasa.

Mara ya mwisho nilipozungumza na mzee sawasawa alikuwa kitandani, mchana, mgonjwa, amepungua. Binti alinipa uji mlangoni, kwa kuwa yeye haingii, na alikuwa amebaki upande wa pili wa ukuta wa mianzi kama kawaida. Mzee alikunywa vijiko vichache. Tukasemezana mambo ya hovyo, juu ya bata wa misheni, ambao askari waliwala wote, habari iliyomfanya aonekane mzima kwa muda. Kisha akageukia ukuta wa mianzi.

"Yule ananijua uso," alisema. "Alinitazama siku zote zile pale ukutani. Mimi sijamwona hata mara moja."

Nikamwambia kwamba ndiyo desturi.

"Desturi imekataza kutazama," alisema. "Haikukataza kuambiwa. Mtu ambaye yuko hapa wakati wote huu, jirani. Yukoje?"

Nilikuwa nimemwona binti yule kila siku kwa miaka, na ghafla nikawa sikumbuki hata umbo la paji lake la uso. Nikasikia nyayo upande wa pili wa mianzi. Binti akazunguka, akaja akasimama uani mbele ya mlango, upande ambao mimi niliweza kumwona na mzee hangeweza. Mvi zilikuwa zimeanza kumwota. Akapangusa unga mikononi, akanyoosha nguo yake, akainua kidevu, akatulia bila kupepesa macho, nami nikaanza kumwambia mzee, polepole, tangu nywele.